Nyumba Isiyo Mlango: Kutoka Kitendawili cha Unguja Hadi Mchezo wa Simu

Makala haya yamezaliwa na ugomvi mdogo. Katika semina yetu moja ya fasihi na jamii, mwenzetu alisimama akasema kwamba vijana wa siku hizi hawasomi kwa sababu wamezama ndani ya simu, na akatoa mfano: "Mtu mzima anakaa saa nzima anatafuta ufunguo wa uongo ndani ya chumba cha uongo." Darasa likacheka. Nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha mtu aliyefumaniwa, maana katika simu iliyokuwa mkobani mwangu dakika ile ile mlikuwa na chumba cha uongo, na nilikuwa nimekwama mbele ya saa ya ukutani ambayo mishale yake ilikataa kukaa sawa. Mwenzetu akamalizia kwa neno ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tunalipenda mno: ukimbizi. Michezo hii, alisema, inaitwa ya kutoroka, na jina limejieleza lenyewe.

Nataka kumjibu. Sitaki kumjibu kwa ubishi wa barazani; nataka kumjibu kwa historia, kwa sababu naona kosa lake ni kuamini kwamba raha hii ilianza juzi, ikaja kwetu imefungwa pamoja na simu kutoka nje.

Kwa wasioijua michezo yenyewe, nieleze kwa ufupi. Unafungua simu, unajikuta chumbani. Mlango umefungwa. Kuna meza, picha ukutani, kabati lenye kufuli ya nambari. Unagusa kila kitu. Droo moja inafunguka, ndani mna bisibisi. Bisibisi inafungua mgongo wa redio. Ndani ya redio mna karatasi yenye alama tatu. Alama hizo, kumbe, zimo pia kwenye picha. Basi. Hakuna anayekufukuza, hakuna damu, na katika ile ninayoipenda mimi hakuna saa inayohesabu. Nyuma kuna muziki mdogo, au mvua. Wanaoandika historia yake hutaja Mjapani Toshimitsu Takagi, aliyetoa mchezo wa kompyuta uitwao Crimson Room mwaka 2004. Mwaka 2007 huko Kyoto watu wakaanza kulipa ili wafungiwe katika vyumba vya kweli na kutafuta njia ya kutokea. Mwaka 2012 kampuni moja ya Uingereza, Fireproof Games, ikatoa mchezo uitwao The Room, ambamo kitu kikubwa si chumba, ni sanduku. Kwenye sanduku nitarudi.

Hiyo ni historia, na ni ya kweli. Lakini mimi niliingia katika michezo hii kwa mlango mwingine, na nadhani watu wengi wa Unguja nao waliingia kwa mlango huo huo bila kujijua.

Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima. Kebo ya chini ya bahari iliyokuwa ikituletea umeme kutoka bara iliharibika, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo, 2008, tulikwishaonjeshwa mwezi mzima wa giza kama hilo, lakini huo mimi siukumbuki. Wakubwa wakizungumza habari za mwaka ule husimulia majenereta yaliyonguruma Mji Mkongwe usiku kucha, maji yaliyokuwa hayapandi kwa kuwa pampu hazina umeme, na samaki waliooza. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka vitendawili.

Tulikuwa tukikaa Malindi, katika nyumba ya kale yenye ngazi za mwinuko na kuta nene, ambazo mchana hutia baridi na usiku hutia hofu. Kabla ya giza lile televisheni ndiyo iliyokuwa ikitulea. Ilipozimika, Bibi akawasha kandili, akatukusanya wajukuu ukumbini, akarudia kazi yake ya zamani. Mchana hakutega hata siku moja. Ukimwomba mchana alikwambia nenda kachezee nje. Usiku, baada ya Isha, alijisawazisha kanga yake akasema: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Tukasema kaburi. Tukasema chupa. Kaka yangu akasema nyumba ya jini. Bibi akatikisa kichwa kwa kila jibu, taratibu, kwa furaha ya mtu mwenye mali. Mwisho tukachoka. "Nipeni mji," akasema. Tukampa Pemba. Akaikataa: Pemba ina wenyewe, na mashemeji zake wamejaa huko. Tukampa Maskati. Akaipokea. "Haya. Nikenda nikenda, nikafika Maskati, nikapokewa kwa halua na kahawa, nikafukizwa udi, wakaniuliza wewe Mwana umekuja kutafuta nini, nikawambia nimekuja kutafuta mlango. Wakacheka wale! Wakaniambia rudi kwenu ukamwulize kuku wako, ndiye aliyeijenga." Tukapiga kelele sote kwa pamoja: yai!

Msomaji atasema kitendawili hiki kila mtoto anakijua. Ndiyo, na ndiyo maana nakitumia. Hebu tukitazame kihakiki. Mtegaji anakufungia katika nyumba isiyo mlango, na hakupi dirisha. Hata hivyo hakuna mtoto aliyelia usiku ule. Kwa nini? Kwa sababu baina yetu na Bibi palikuwa na mkataba. Neno "Kitendawili!" ni ombi, na neno "Tega!" ni idhini, hufungiwi bila kukubali. Pili, aliyefunga analo jibu, na jibu hilo limo katika vitu tunavyovijua, halimo Maskati wala Uchina. Na la tatu, ambalo wahakiki wetu wa fasihi simulizi hulipita mbio, ni kwamba kushindwa kuna bei maalumu, na bei yenyewe ni ya kuchekesha. Unatoa mji ambao si wako, anayeupokea hawezi kuukalia, na wewe unapewa jibu. Nasisitiza hili la tatu kwa sababu ndilo linalofanya mchezo upumzishe. Mtihani wa skuli nao una maswali yenye majibu, lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kupumzika ndani ya mtihani. Pale huwezi kumwambia msimamizi achukue Mombasa akupe jibu la swali la nne.

Sasa tuutafute mkataba huu katika fasihi yetu iliyoandikwa.

Kisa kikubwa cha kutoroka tulicho nacho Waswahili ni cha Liongo Fumo. Sidai kwamba Liongo ni mtu wa Unguja. Yeye ni wa pwani ya kaskazini, huko Pate na Mto Tana. Lakini kisa chake kilisimuliwa hapa kwetu, na kimo katika kitabu cha Edward Steere kilichochapwa London mwaka 1870, Swahili Tales, as Told by Natives of Zanzibar. Liongo amefungwa na analindwa. Kijakazi wa mamake humletea chakula, na kila siku walinzi hula kilicho kizuri, yeye wakamtupia mabaki. Msomaji aliyewahi kucheza michezo ya simu akifika hapa vidole vinamuwasha: nina kijakazi, nina walinzi walafi, nina mkate, nina sauti yangu. Liongo akautia ujumbe wake katika wimbo, kijakazi akaupeleka mbele ya masikio ya walinzi wasielewe kitu: mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Mkate wa wishwa nani aule? Walinzi wakamtupia mwenyewe. Halafu ikapigwa ngoma ya gungu, na kelele za ngoma zikaifunika sauti ya tupa inayokata chuma.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara kinachonistaajabisha si nguvu za Liongo, ambazo ndizo husifiwa. Ni kwamba hakuletewa kitu kipya ila tupa moja tu. Vilivyobaki vyote vilikuwa vimo gerezani tangu mwanzo, na vingine vilikuwa sehemu ya mateso yake. Ulafi wa walinzi, uliokuwa ukimtia njaa, ndio uliompitishia tupa. Mahali pengine katika kisa hicho hicho maadui zake wanakula kikoa cha makoma, kila mtu na zamu yake ya kupanda mkomani, wakikusudia wamuue Liongo akiwa juu. Zamu yake ilipofika, akasimama chini akayaangusha makoma kwa mishale. Huo nao ni mtego uliofumbuliwa kwa kutumia kilichokuwa mkononi. Na mwisho wa kisa, Liongo mwenyewe anageuka kuwa ile nyumba ya Bibi isiyo mlango: silaha haimwingii, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Jibu hilo akalitoa mwenyewe, kwa kijana wa damu yake aliyemwuliza kwa upole. Wala hakuomba mji.

Miaka tisini baada ya kitabu cha Steere, mwaka 1960, kikatoka Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichokuwa kimeshinda katika shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957-58. Mwandishi alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akawa mwandishi wa habari na mhariri wa gazeti la wakulima. Wengi wetu tunamjua kwa mtoto wake wa kubuni tu, Bwana Msa, na kiko chake, na rafiki yake Najum asiyechoka kushangaa. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni. Watu wanalo jibu tayari, la mzimu. Bwana Msa analikataa jibu hilo, lakini halikatai kwa hotuba. Anauliza, anaokota, anarudi kutazama mahali pale pale alipokwishatazama jana.

Kila mhakiki husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu, na sikatai, ufanano upo. Lakini naomba tusiishie hapo. Msomaji wa Unguja wa mwaka 1960 hakuhitaji kufundishwa na Mwingereza namna ya kukaa na fumbo. Alikuwa amekaa nalo tangu utotoni, ukumbini, penye kandili. Alichokileta Muhammed Said Abdulla ni kitendawili cha kitabu kizima ambacho mtegaji wake hawezi kukatizwa. Vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na Kosa la Bwana Msa (1984). Ukiyatazama majina haya, utaona nusu yake yanaweza kutegwa kama vitendawili. Na mwisho wa kitabu Bwana Msa huwakalisha watu akawaeleza yote, kama Bibi aliyekwisha kuchukua Maskati.

Lawama waliyopewa vitabu hivi inafanana sana na ile aliyoitoa mwenzetu wa semina. Katika miaka ya 1970 na 1980 wahakiki wetu wengi walivitia katika fungu la fasihi pendwa, wakauliza: mapambano ya kitabaka yako wapi? Mapinduzi ya 1964 yako wapi? Na kweli, mtu akisoma Bwana Msa tu atadhani Unguja haikupata kutikisika; mwandishi aliendelea mpaka 1984 kuandika juu ya mji wa mabwana, wake, wajakazi na siri za nasaba. Sitaki kuwatukana wahakiki hawa, ndio waliotufundisha kusoma. Swali walilouliza lilikuwa la haki. Ila hawakuuliza swali la pili: mtu ambaye mji wake umetikisika, akirudi nyumbani jioni akachukua kitabu ambamo kila aliyekufa anajulikana amekufa vipi na nani aliyemuua, anatafuta nini? Kusema anakimbia ni kulijibu kwa haraka mno.

Nilisema nitarudi kwenye sanduku. Bibi alikuwa na kasha la njumu, kubwa, limepigwa misumari ya shaba, la aina ile iliyokuwa ikija na majahazi kutoka Bara Hindi na kuingia katika nyumba za maharusi wa pwani. Ndani, upande wa kushoto, mlikuwa na kijisanduku chenye kifuniko chake. Ukikiinua kifuniko unaona kijisanduku kitupu. Ukikisukuma kibao cha ubavuni kwenda juu, zinatokea droo mbili zilizokuwa hazionekani. Nilionyeshwa siri hii nikiwa na miaka tisa, na niliapishwa. Nilitegemea dhahabu, mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mama, vipande vya udi katika kitambaa, na sarafu za zamani zisizonunua kitu. Nilipokuja kuuona mchezo wa The Room miaka mingi baadaye, kwenye simu ya binamu yangu, sanduku la mbao na shaba linazunguka gizani linasubiri kidole, niliufungua ubavu wa kwanza kabla binamu hajanieleza la kufanya. Akaniuliza nimeucheza wapi. Nikamwambia Malindi.

Hapa niseme neno juu ya wanawake, japo halikuwa katika mpango wangu. Mtu akitaja michezo ya akili Unguja, kinachotajwa kwanza ni bao: mashimo 32, kete 64, namua na mtaji. Mchezo mtukufu, na una heshima yake ya kisomi. Lakini bao huchezwa barazani, na baraza ni ya wanaume. Kadhalika dhumna na kahawa pale Jaws Corner: mimi hupita hapo nikienda zangu, sikai. Bao, tena, halipumzishi. Kuna wa kukufunga na kuna watazamaji wa kukucheka, na utani wa mabaoni unajulikana. Vitendawili vilikuwa vya ndani, vya ukumbini, mikononi mwa mabibi na mashangazi. Televisheni ikaviua karibu vyote. Sasa msichana anayerudi chuoni Tunguu kwa daladala, amebanwa dirishani, anapotoa simu akaingia chumbani mwake mwa mafumbo, mwenzetu wa semina anaona mtu aliyepotea. Mimi namwona mtu aliyejipatia ukumbi. Hana wa kumfunga, na akikosea mara kumi hakuna anayejua.

Najua nitaambiwa: katika mji huu, dada yangu, vyumba vilivyofungwa si mchezo. Ni kweli, na sitaki kuupita ukweli huo juu juu. Mkunazini, karibu na Kanisa la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wageni huinama kila siku kuingia vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kuwa vya watumwa. Katika kisiwa cha Changuu limesimama gereza la mwaka 1893 ambalo halikupata wafungwa, likageuzwa karantini. Watalii leo hulipiga picha na kwenda kulisha makobe. Adam Shafi katika Haini (2003) anatuweka gerezani baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, na ukimaliza kukisoma kitabu kile huwezi kuusikia mlango wa chuma kwa masikio yale yale. Na Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) anatupa Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi. Maimuna anatoka. Mlango unafunguka! Na sote tuliosoma kitabu hicho skuli tunajua kwamba nje hapakuwa na ufumbuzi, palikuwa na ulevi, na danguro, na safari ndefu ya kurudi kuwa mtu.

Vyumba hivi vyote vina kitu kimoja: aliyefunga hakuahidi lolote. Hakuna aliyetia ufunguo ndani ya redio. Mfungwa wa Haini anaweza kugusa kila tofali la ukuta na tofali lisimwambie neno. Ndiyo tofauti kubwa baina ya gereza na kitendawili, na nadhani ndiyo siri ya mvuto wa michezo hii ya simu. Jina la kutoroka linatudanganya. Mchezaji hataki kutoka; akitoka mchezo umekwisha, na jambo la kwanza analolifanya ni kutafuta chumba kingine. Anachokitaka ni kukaa kidogo mahali ambapo kila kitu kimewekwa na mtu kwa makusudi, na mtu huyo hamtakii ubaya.

Hata hivyo mtegaji wa simu si Bibi, na hili nalo niliseme, nisionekane natangaza biashara. Ukikwama, mchezo unakuonyesha taa ndogo ya msaada. Ukiigusa, unaambiwa utazame tangazo, aghalabu nusu dakika: sabuni, mkopo wa haraka, mchezo mwingine. Huo ndio mji siku hizi. Nilipogundua hivyo nilicheka peke yangu. Zamani ulitoa Maskati, ambayo haikuwa yako, na wote mkacheka. Sasa unatoa nusu dakika, ambayo ni yako kweli, na anayeipokea anaiuza. Ukizima data, matangazo yanakoma, lakini taa ya msaada nayo inazimika, na unabaki na nyumba isiyo mlango bila wa kumpa mji. Tena jibu linapokuja linakuja kavu: gusa picha, geuza kushoto. Hakuna safari ya jahazi, hakuna halua, hakuna waliocheka. Kwa maoni yangu hapa ndipo mchezo wa simu unaposhindwa vibaya na kitendawili kama kazi ya sanaa. Wabunifu wake wameelewa fumbo, wameelewa ufumbuzi, hawajaelewa mji. Wapo wachache wanaokaribia, kama wale Waholanzi wa Rusty Lake, ambao vyumba vyao vimeungana vikafanya hadithi moja ndefu ya kutisha kidogo. Lakini hao nao wanakuhadithia kwa picha, hawakuoni uso.

Nirudi kwa mwenzetu. Alisema tunakimbia. Nimwambie nilichokuwa nakifanya mimi.

Mwaka jana Bibi alianza kusahau. Kwanza majina, halafu njia ya kutoka sokoni Darajani, njia aliyoipita miaka sitini. Tukampeleka hospitali. Mama anafanya kazi, kaka yuko bara, kwa hiyo mwenye kusubiri nilikuwa mimi. Nilisubiri katika veranda, juu ya benchi la saruji, siku nne katika majuma matatu. Faili likapotea, likaonekana, likapotea tena. Daktari aliyekuwa aje hakuja. Aliyekuja alitwambia tungojee mwingine. Kila mlango ulikuwa na kibao, na kila kibao kilikuwa kinakupeleka kwenye mlango mwingine, na sikupata kuelewa hata mara moja kama nimekosea kitu au hakuna kitu cha kupatia. Bibi amelala begani pangu. Ndipo nilipocheza kuliko siku zote za maisha yangu. Saa ya ukutani, kabati, alama tatu.

Sikuwa nimesahau nilipo. Benchi lile halisahauliki. Nilikuwa nafanya kitu ambacho Bibi alinifundisha mwaka wa giza, yaani kukaa ndani ya jambo lililofungwa na kuligusa kipande kipande bila kulia. Kama hilo ni ukimbizi, basi naomba tutafute neno jingine kwa yule anayelia.

Majibu yalikuja hatimaye, na yalikuwa yale tuliyoyahofia, na dawa zake si za kuponya.

Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, baada ya daku, umeme ulikatika mtaani kwetu. Saa moja tu, si miezi mitatu. Nikawasha taa ya simu nikailaza kifudifudi juu ya kasha ili isimuumize macho. Bibi akatazama mwanga ule juu ya dari, akajisawazisha kanga yake.

"Kitendawili!"

Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake kwa miaka. "Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Jibu nilikuwa nalo ulimini. Nikasema kaburi. Akatikisa kichwa. Nikasema chupa. Akatikisa kichwa, taratibu, lakini nikaona anaanza kunitazama mimi kwa wasiwasi, kama mtu anayetegemea nimsaidie. Nikamwambia, "Nimeshindwa, Bibi. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Maskati."

"Haya," akasema. "Nikenda nikenda, nikafika Maskati." Akanyamaza. Kisha akaanza kunielezea Maskati, ambayo hajapata kuiona maishani mwake. Akanambia ina bahari mbele, na watu wanakaa ukutani jioni wanakula muhogo na pweza, na kuna mnara wenye saa, na vijana wanajirusha baharini kutoka juu ya ukuta kwa kishindo, na baba yake amemshika mkono kwa sababu watu ni wengi. Niliitambua. Ilikuwa Forodhani. Akaendelea kuielezea mpaka umeme uliporudi, na kwenye yai hakufika, wala mimi sikumkumbusha.